Na Mama Mkwe Hadi Watamu

Laki tisa na nusu, jozi moja ya viatu vya ngozi, na kama kilo nne za mwili wangu. Hiyo ndiyo gharama ya safari. Nimeihesabu mara mbili, mara ya pili nikitumaini itapungua, haikupungua. Naandika kwa sababu tangu nirudi, kila anayekuja kwangu Kijenge kuangalia viatu ninavyouza ananiuliza, "Eti ilikuwaje?" Nikimaliza kusimulia anaondoka bila kununua. Basi someni wote kwa pamoja. Ila haya maandishi yasifike Olmotonyi, na sababu mtaiona mbele.

Kwa wasiojua, mke wangu, Mama Neema, ni Mwarusha wa Olmotonyi. Baba yake alifariki mwaka juzi akaacha shamba zuri la kahawa na migomba, juu karibu na msitu. Mwaka huu wazee wa ukoo wamesema linagawanywa. Shida ni Saning'o, kitinda mimba wa nyumba ile. Alikwenda pwani ya Kenya na vijana wenzake kuwauzia watalii shanga, akapotelea huko, hata kwenye msiba wa baba yake hakuonekana. Baba Lazaro, ambaye ni mdogo wa marehemu na ndiye anayeongoza kikao, alitamka mbele ya watu wote: asiyeonekana siku ya kugawa hana fungu, na fungu lake litaingia kwa watoto wa nyumba nyingine. Nyumba nyingine yenyewe ni ya kwake.

Mama mkwe alipoambiwa aende kumtafuta mwanawe alikataa. "Simfuati mtoto kama mbuzi aliyepotea. Anajua kwao." Ndipo mke wangu akatunga utalii. Mama amelima maisha yake yote, akasema, sasa na yeye atembee: Nairobi aone maghorofa, Mombasa aone mji wa kale, Gede aone magofu, kisha Watamu aone bahari. Watamu ndiko Saning'o alikosikika mara ya mwisho. Mama akakubali haraka mno kwa mtu asiyejua kitu.

Ilikuwa waende wao wawili. Mke wangu ni mwalimu, na wiki ileile akapangiwa kusimamia mitihani. Tiketi zilikwishalipwa na hela hairudi. Nikatazamwa mimi.

Mimi ni Mpare wa Same, na mnajua Wapare tunavyosingiziwa kuhusu hela. Siku ya harusi yangu Baba Lazaro aliniweka pembeni akanipa sheria: mama mkwe hushiki mkono wake, huketi naye kiti kimoja, huli mbele yake. Nimezishika miaka yote bila kukosea. Nilikuwa nikienda kumsalimia, naenda nimekula, nasimama mlangoni, naondoka. Hakuna aliyewahi kuniambia sheria hizo zinafuatwaje ndani ya basi.

ARUSHA HADI NAMANGA

Siti zetu zilikuwa pamoja. Mama akakaa dirishani, akaweka kikapu miguuni. Mimi nikasimama.

"Braza, kaa," kondakta akaniambia tulipofika Sakina.

"Niko sawa."

"Umelipia siti halafu unasimama?"

"Yule ni mama mkwe wangu."

"Ni mama mkwe, siyo jiko la mkaa. Kaa."

Watu wakacheka. Mama akageuza uso, akautazama Mlima Meru kama mtu asiyewahi kuuona. Sikukaa. Nilisimama mpaka Longido, ambako mama mmoja wa Kikenya, mfanyabiashara wa vitenge, alinionea huruma tukabadilishana. Siti yake ilikuwa ya nyuma kabisa, juu ya tairi. Kila shimo la barabara ile lilinipitia mgongoni, na huko mbele nikawaona wale wawili wanaongea huku wakigeuka kunitazama.

Namanga tulisubiri mpaka kivuli cha basi kikahamia upande wa pili. Wamama wa Kimasai wauza shanga wakamzunguka Mama, wakasalimiana kwa Kimaa, wakaulizana koo na ng'ombe, mwisho wakamvalisha bangili bure. Mimi niliuziwa ya kwangu kwa bei ya mzungu. Nilibishana hadi basi likapiga honi, na bado nahisi niliibiwa.

NAIROBI

Kitu cha kwanza kilichomsumbua Mama Nairobi ni kwamba hapakuwa na shikamoo. Vijana walimpita, wengine wakamwambia "Sasa, mathe," akabaki anasubiri salamu.

"Hawa hawana wakubwa kwao?" akaniuliza.

"Wanao, mama. Wanasalimia kivyao."

Mimi nilimpa shikamoo askari wa nyumba ya wageni, mzee wa mvi. Akacheka mpaka akashika geti. "Wewe ni wa Tanzania," akasema. Sikuona alichocheka.

Mchana tulikuwa tunapita mtaani, kijana amemwaga soksi juu ya gunia, anaita kwa kuimba, "Soksi mbao, soksi mbao." Marehemu baba mkwe alifanya kazi ya kupanda miti ya serikali mpaka akastaafu, na Mama anajua mbao kuliko anavyojua soksi. Akasimama.

"Baba Neema, muulize ni mbao za mti gani."

Nikauliza. Kijana akatutazama mmoja mmoja. "Mbao ni shilingi ishirini, mzae."

Nikatulia, maana sasa tulikuwa kwenye kazi yangu. "Naomba unipunguzie."

"Nikipunguza mbao kitabaki nini, maranda? Nyinyi ni wa wapi?"

"Arusha."

"Nilijua. Nyinyi hamnunui, mnaomba."

Nikalipa bei kamili. Mimi, ambaye pale Kijenge watu huja kwangu kujifunza.

Shida yenyewe ilikuwa chakula. Tuliingia mahali wanauza ugali na mchuzi wa mbuzi, harufu yake inakushika shati. Mama akaagiziwa sahani. Mimi nikakaa meza ya mbali.

"Wewe huli?" akaniuliza kutoka kule, watu wote wakisikia.

"Nimefunga, mama."

"Nyinyi Wasabato mnafunga Jumanne?"

"Ni mfungo wangu binafsi."

Akanitazama sana, kisha akala polepole bila furaha. Nilipanga akienda kulala nitoke nikatafute chochote. Lakini alikaa kwenye kiti cha ukumbini, anaogopa chumba chenye mlango unaojifunga wenyewe, na mimi nikakaa ng'ambo kumlinda. Tukalindana mpaka usingizi ukatushinda.

NJIANI, MTITO ANDEI

Basi la Mombasa lilikufa karibu na Mtito Andei. Dereva akasema ni gia, fundi anakuja. Mnajua fundi anayekuja. Abiria tukajipanga kwenye kivuli cha basi, kivuli kikisogea na sisi tunasogea. Miguu yangu ilikuwa imevimba kwa kusimama na kukalia tairi, nikavua viatu nikaviweka kando yangu, nikafumba macho kidogo. Nilipofumbua, viatu havipo. Vile vya ngozi ya kahawia, ambavyo wengi wenu mlivitaka nikakataa kuviuza.

Nikauliza huku na huku. Jamaa mmoja aliyekuwa anachoma mahindi akaniambia bila kuinua macho, "Pole. Mtu akivua viatu hapa, tunajua ameshafika."

Mama alikuwa amenunua mahindi mawili. Moja akala. La pili akalishika, akanitazama, akaona nimegeuka upande mwingine kwa heshima, akampa mtoto wa abiria mwingine. Nililisikia lile hindi likitafunwa lote.

Mimi muuza viatu niliingia Mombasa na kandambili.

MOMBASA

Kule nilitegemea kupumua, kwani kwao Kiswahili si ndiko huko. Asubuhi nikafika kwenye kibaraza cha mama mmoja wa buibui anayeuza chai, nikasema kwa adabu, "Naomba chai ya rangi."

"Rangi gani?" akauliza.

"Ya kawaida."

"Kawaida ndiyo rangi gani, mwanangu?"

"Nyeusi, mama. Isiyo na maziwa."

"Mkandaa. Si useme mkandaa." Akawageukia wateja wake. "Watu wa bara wana mambo. Wanaenda dukani kununua rangi wanywe."

Lakini ana mkono, yule mama. Mahamri yake laini, mbaazi za nazi nzito. Mama mkwe alikula mpaka akafungua shuka aliyokuwa amejifunga. Mimi nilisema mfungo unaendelea. Nilinunua mahamri mengine, nikayafunga kwenye gazeti, nikayatia ndani ya shati. Nikawa nasubiri kona. Mji wa kale una kona nyingi, lakini kila niliyoingia Mama alinifuata, kwa sababu aliogopa kupotea. Tukazunguka hivyo siku nzima. Watu walidhani tunapenda milango ya kuchonga.

GEDE

Magofu ya Gede yako ndani ya msitu. Kuta za mawe ya matumbawe, visima, msikiti, na nyumba kubwa waliyotuambia ni ya mfalme, mizizi ya miti imekalia kuta kama kuku aliyelalia mayai. Kijana mtembeza wageni akaeleza kwamba watu waliishi pale karne nyingi zilizopita, wakauacha mji, na hakuna anayejua kwa uhakika kwa nini.

"Maji yalikauka?" Mama akauliza.

"Huenda, mama. Wengine wanasema vita, wengine maradhi."

"Na watoto wao?"

"Waliondoka nao."

"Wote?"

"Hilo hatujui."

Mama akauweka mkono kwenye ukuta na hakuutoa. Nikaona hapo ndipo pa kuibia nafasi. Nikarudi nyuma ya ukuta wa nyumba nyingine, nikatoa gazeti langu, nikalimega hamri la kwanza. Sijafikisha mdomoni, kima akashuka juu ya ukuta, akalipokonya. Kima wa pili akachukua gazeti zima. Nilipiga ukelele ambao sitaki kuueleza zaidi. Mama na mtembeza wageni wakaja mbio, wakanikuta nimeshika kandambili moja, kipande cha hamri kimebaki ndevuni.

Mama akamtazama kima anavyotafuna, kisha akanitazama mimi.

"Umefunga tangu Nairobi," akasema, "halafu unakula na nyani."

"Ni kima, mama," kijana akasema.

"Wewe tuache kidogo." Kijana akasogea. "Baba Neema, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama. Natunza heshima. Niliambiwa nisile mbele yako."

"Nani alikuambia?"

"Baba Lazaro. Siku ya harusi."

"Na kondoo je?"

"Kondoo yupi?"

"Yule jike mweusi uliyeniletea mwaka wa kwanza. Ulidhani ni wa nini?"

"Nilidhani ni gharama."

Akaketi juu ya jiwe la ukuta ulioanguka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa shuka. Alipomaliza, sauti yake haikuwa na kicheko tena. "Kondoo yule ndiye aliyeondoa hayo mambo. Ulipomleta ulikuwa huru kuingia, kukaa, kula. Ungeniita Paker nami nikuite Paker, ndivyo wanavyoitana waliopeana kondoo. Miaka yote nasubiri uingie hata kwa uji. Unasimama mlangoni kama askari wa kodi. Nikamwambia binti yangu, mume wako ananiona mchafu."

"Baba Lazaro hakuniambia hilo la kondoo."

"Baba Lazaro husema nusu inayomfaa." Akafungua kikapu. Kulikuwa na chapati, mayai ya kuchemsha, karanga. Alikuwa akininunulia kila tulipofika, akisubiri mfungo uishe. Nilikula mbele yake. Sikuwahi kula hivyo, na wala sikuhesabu mayai.

Nilipomaliza akasema, "Sasa twende kwa mwanangu. Usijifanye hujui ndiko tunakokwenda."

WATAMU

Bahari ya Watamu ni nzuri, waliokwenda watawaambia. Mimi niliiona pembeni ya jicho. Mchanga unaunguza kwenye kandambili, na jua la kule halina huruma ya Meru.

Tukamkuta kijana wa Monduli anauza mikuki. "Saning'o?" akasema. "Hapa anaitwa Simba. Nenda pale kwenye miavuli."

Tukamwona. Shuka nyekundu, shanga mpaka kiunoni, nywele ndefu za kusuka, mtu aliyekwishapita umri wa umorani siku nyingi. Alikuwa anawaeleza watalii wawili wazee alivyomuua simba peke yake. Mke wangu ananiambia utotoni mdogo wake huyu alikuwa anamkimbia jogoo. Mama akasimama nyuma ya viti, akasikiliza. Akasubiri mpaka simba afe. Kisha akaita jina lake, taratibu, kama mtu anayemwita mtoto aje kula.

Saning'o akageuka. Akaja, akainamisha kichwa mbele ya mama yake, kama tunavyowaona watoto wa Kiarusha wakifanya kwa wakubwa wao, naye Mama akamwekea mkono utosini. Mkono ulikaa pale muda mrefu. Watalii wakapiga picha. Mmoja akainuka akampa Saning'o noti, akidhani ni sehemu ya mchezo, na Saning'o akabaki ameishika kama kitu alichookota.

Mama alimweleza habari ya shamba na kikao, na alichosema Baba Lazaro. "Nitakuja, yeyo," akajibu. Yeyo ni mama kwa Kimaa. "Lakini twende kwanza nyumbani kwangu. Kuna mambo."

Mambo yenyewe ni mke, Mgiriama aitwaye Kadzo, mtoto wa kike aliyeanza kutembea juzijuzi, na baba mkwe, Mzee Katana, ambaye alitupokea uani, akatupa viti, akatutazama.

"Karibuni. Simba, wageni wetu ni kina nani?"

Saning'o akaangalia chini.

"Mimi ni mama yake," Mama akasema.

"Mama wa kambo?"

"Wa kumzaa."

Mzee Katana akamtazama Kadzo, Kadzo akamtazama mumewe. "Yule marehemu?"

Kuku wakapita katikati yetu.

"Mama," Mzee Katana akasema kwa upole kabisa, "sisi tulikutolea rambirambi. Mbuzi tulichinja. Mke wangu alikulilia."

"Alilia vizuri?"

"Sana."

"Mpe ahsante yangu. Nimefufuka, naomba chai."

Ikaletwa chai. Ndipo habari ikatoka kidogo kidogo. Alipotaka kumwoa Kadzo, Saning'o hakuwa na mahari wala wazee wa kuwaleta, akasema ni yatima wa baba na mama. Wakamwonea huruma yatima huyo, wakampa mke kwa mahari kidogo. Mtoto alipozaliwa wakampa jina la bibi mzaa baba, kama ilivyo desturi yao. "Jina la marehemu," Mzee Katana akasema, kisha akajirekebisha, "yaani lako. Samahani." Mama akampakata yule mtoto mwenye jina lake.

"Kwa nini hukuja kumzika baba yako?" akauliza bila kuinua uso.

"Vijana wenzangu walinipigia simu nimekaa hapahapa, yeyo, na Mzee Katana yuko kando yangu," Saning'o akasema. "Ningemuaga vipi? Baba nilikuwa nimeshamzika. Ningeombaje ruhusa ya kumzika tena?"

Mama hakumgombeza. Alimaliza chai, akamgeukia Mzee Katana. "Njooni Arusha wote. Kijana hawezi kukaa na binti yako bila wewe kuona kwao." Mzee Katana akakubali papo hapo, akaonekana amefurahi kuliko sisi sote.

KURUDI

Kurudi mimi na Mama tulikaa siti za pamoja, tunakula. Kondakta alikuwa yuleyule wa kwanza. "Naona jiko limepoa," akasema.

Tulipovuka Namanga Mama akaniambia, "Paker, kule Watamu hukusikia neno marehemu."

"Nililisikia, mama."

"Hukulisikia. Kwetu, mtoto anayemtamkia mzazi wake kifo akiwa hai, hilo si uongo wa kawaida. Haingii kikao cha ukoo mpaka atakaswe na wazee. Baba Lazaro akilipata hilo siku ya kikao, kikao kimekwisha, na shamba limekwenda."

"Na Mzee Katana?"

"Huyo niachie mimi."

Nikamwachia. Sasa jana Mzee Katana amenipigia simu mwenyewe. Amenunua kikoi kipya, na ametayarisha hotuba ya kuwasalimu wazee wa ukoo, anataka nimsikilize kama Kiswahili chake kitaeleweka bara. Akaanza kunisomea: "Sisi tuliomlilia mama huyu na kumchinjia mbuzi wa matanga..." Nikamwomba aruke hapo. Akasema hapo ndipo penye utamu wote, na kwamba mtu aliyefufuka lazima atangazwe. Nimempigia Mama. Amesema atazungumza naye. Amezungumza naye, na mzee ameongeza aya.

Yeye, Saning'o na Kadzo wanashuka stendi Ijumaa. Kikao ni Jumapili baada ya ibada. Yupo mzee mmoja, wa rika la marehemu baba mkwe, mtu wa busara, asiyempenda sana Baba Lazaro. Nikimfuata kimyakimya kabla ya Ijumaa, huenda wakamtakasa Saning'o Jumamosi kwa kondoo mmoja, na Jumapili hotuba ikasomwa yote isimdhuru mtu. Lakini hapo nitakuwa nimesema neno ambalo Mama aliniambia sikulisikia, na hata binti yake, mke wangu, sijamwambia. Nikinyamaza nimemtii, na Mzee Katana atasema mbele ya wote.

Nikienda, kijana anaweza kupata fungu lake, na mimi nimpoteze mama mkwe niliyempata juzi tu kule Gede. Nikikaa, natunza neno lake na kumwangamiza mwanawe. Nyinyi wenye wakwe, na hasa mliooa Uarusha, naomba mniambie kabla ya Ijumaa: mngekwenda, au mngekaa?